Miezi 14 Göttingen, pati kila Ijumaa, na Jumapili bado nalia

Swali nalifupisha. Ni dada wa miaka 26, alisoma misitu SUA pale Morogoro, sa hivi yuko Göttingen Ujerumani anafanya masters ya misitu ya tropiki. Anasema: "Shikamoo dokta. Nina miezi 14 huku. Darasani sina shida, shida ni wikiendi. Ijumaa naenda pati za wanafunzi wa kimataifa, tunacheka, tunaulizana unatoka wapi unasoma nini, kesho yake hakuna anayenitafuta. Watanzania tuko wachache, mara moja kwa mwezi tunakutana tunasonga ugali, nafurahi kweli ila Jumapili yake ndo naumia zaidi, nalia mpaka kichwa kinauma. Wenzangu wa maabara ni wapole ila ni Hallo na Tschüss, habari na kwaheri, basi. Nikimwambia baba nataka kujiunga na michezo anasema hukwenda kucheza huko. Je shida ni mimi, ni Wajerumani, au nikimaliza nirudi tu nyumbani?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la kama shida ni wewe maana najua ndo linakukosesha usingizi. Hapana. Na hao Wajerumani nao sio kwa ile namna watu wanavyowasema, eti wana roho za barafu. Nimekaa nchi hii miaka 19, kazi yangu kila siku ni kukaa na wanafunzi wageni waliofika pabaya, na hadithi yako naisikia kila mwezi wa 11 giza likishaanza kuingia saa kumi na nusu jioni, naisikia kwa Mkenya, kwa Mkongo, kwa Mhindi, kwa Mkolombia, na usishangae, naisikia hata kwa Mjerumani aliyetoka kijijini Bavaria kaja kusoma mjini hana anayemjua. Kwa hiyo pumua kwanza.

Unachokisema ni kitu ambacho watu wa saikolojia walishakipangua. Mwaka 1995 Roy Baumeister na Mark Leary walipitia tafiti nyingi sana wakasema binadamu ana njaa ya kuwa wa mahali, njaa kabisa kama ya chakula, na ili ishibe vitu viwili lazima viende pamoja: ukutane na watu mara kwa mara na kwa amani, halafu watu hao wawe walewale, mnajaliana, na unajua wiki ijayo bado wapo. Ukipata kimoja tu unabaki na njaa. Sasa jiangalie. Pati ya Ijumaa inakupa kukutana, ila kila wiki sura mpya, kila wiki unaanza upya na Tanzania iko wapi na Kilimanjaro umepanda au hujapanda (mi nimeulizwa hilo mara labda elfu moja na jibu langu bado ni sijapanda). Mama yako kwenye WhatsApp anakupa kule kujaliwa, ila hakuoni, hajui umekonda, hajui leo umeshinda na nguo za kulalia mpaka saa tisa mchana. Yaani kukutana unako kwa watu hawa, kujaliwa unako kwa watu wale, na hakuna hata mtu mmoja anayekupa vyote viwili. Hapo ndipo Jumapili inapokushika.

Af kuna hesabu, na hii huwa napenda kuwafanyia watu kwenye karatasi. Profesa mmoja wa Kansas, Jeffrey Hall, alitoa utafiti mwaka 2018, aliwauliza watu wazima waliohamia mji mpya, akawafuatilia na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akataka kujua inachukua saa ngapi mtu uliyekutana naye kuwa rafiki. Akapata kama saa 50 hivi kutoka kufahamiana tu mpaka urafiki wa juujuu, kama 90 kuwa rafiki, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa chanda na pete. Sasa ugali wenu: tuseme mnakaa saa 4, mara 12 kwa mwaka, ni saa 48, na hizo saa 48 unazigawa kwa watu wote walioko jikoni. Hata saa 50 za urafiki wa juujuu hamjazifikisha! Nyie mnapendana kwa sababu ya lugha na harufu ya dagaa, sio kwa sababu mmeshajuana. Sio kosa la mtu, saa tu hazijatosha.

Na kuna kingine kwenye utafiti huohuo ambacho kinajibu la maabara. Saa za kazini na darasani hazikujenga urafiki kama zilivyojenga saa za kukaa tu, kucheza, kula, kupiga soga. Ndo maana unaweza ukakaa na mtu mezani muda wote huo mnapima pete za miti, anakuazima kalamu, anakuletea chai, na bado ni Hallo. Kwa hiyo ukiacha michezo ili usome zaidi unaacha ile sehemu pekee ambayo watu wanageuka kuwa watu wako.

Sasa kwa nini nyumbani hukuwahi kuhesabu saa? Kwa sababu kwetu mapumziko yana mahali, kwao yana saa. Morogoro ukitoka tu nje kuna kijiwe, kuna saluni, kuna mama anauza mihogo na benchi lake, kuna wazee wa bao, unapita unaitwa, ukikaa dakika kumi umeshakuwa mmoja wao, na kesho usipopita wanauliza yule binti wa forestry vipi leo. Hakuna aliyekupangia. Huku ukitoka nje Jumapili unakuta nini? Maduka yamefungwa, barabara kimya, kuna mzee mmoja anatembeza mbwa. Mgeni anasoma ule ukimya kama amekataliwa yeye, kumbe Jumapili ya mapumziko imeandikwa mpaka kwenye katiba yao, ni siku inayolindwa, watu wako ndani na wao au wako porini wanatembea. Na wale ambao hawako ndani wako kwenye chama.

Hili la chama, wenyewe wanaita Verein, ndo ufunguo, na ajabu ni kwamba hakuna anayemwambia mwanafunzi mgeni siku ya kwanza, anaambiwa habari za bima na kujiandikisha manispaa na kutenganisha takataka, basi. Vyama vya michezo peke yake nchi hii viko zaidi ya elfu themanini. Hapo hujaweka kwaya, wacheza chesi, wafuga nyuki, wapanda milima, zimamoto wa kujitolea, wa karnivali, wa bustani. Ukiwa na watu 7 tu unaweza kusajili. Mjerumani ambaye ofisini haongei, mkute Jumanne saa moja na nusu usiku kwenye chama chake cha meza tenisi, utadhani ni mtu mwingine, anatania, anabeba watu kwenye gari lake, anajua mtoto wa kila mtu anasoma wapi. Hana nafasi ya rafiki mpya kwenye kalenda yake, hiyo kweli, ila ana nafasi ya mtu mpya kwenye Jumanne yake, maana Jumanne ipo tayari.

Lakini ngoja, usikimbilie kujiandikisha ukadhani imeisha, maana wengi wanajiunga na bado wanakaa pembeni. Nikwambie langu. Mwaka wangu wa pili niliingia chama kimoja cha meza tenisi nje kidogo ya mji, nikaenda kila wiki miezi kama minane, nacheza, nashukuru, naondoka, nyumbani bado mpweke vilevile. Nilikuwa mgeni mwenye adabu sana. Siku moja mzee aliyekuwa anatunza chumba cha vifaa akafanyiwa opareshini ya goti, wakaangaliana nani atakuwa anafungua, na kwa sababu mi nilikuwa nakaa karibu na kituo cha basi nikapewa funguo. Kitu kidogo hivyo! Ila kuanzia siku ile nikawa lazima nifike dakika ishirini kabla, nikawa mtu wa kwanza kila anayeingia anamwona, nikajua meza ipi ina mguu mbovu, nikaanza kugomba watu wasiorudisha mipira. Halafu nikaumwa mafua wiki moja, sikwenda, na simu yangu ikaita mara tatu kabla ya saa mbili usiku. Wa kwanza alikuwa anataka funguo, sikatai. Wawili waliobaki walikuwa wananiuliza nimekula nini.

Sisi hili tunalijua toka kwa bibi zetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wanausema huu msemo kama vile ni wa kufukuza wavivu. Mwalimu Nyerere mwaka 1962 alipokuwa anaeleza ujamaa aliutaja, akaongeza jambo ambalo mi naona ndo kiini chake, kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe aliomba jembe kabla hajapewa, aliona aibu kukaa bure. Jembe ndilo lililokuwa linamtoa kwenye ugeni. Wewe mdogo wangu una miezi 14 na kila unakokwenda unapewa glasi na sahani, hakuna aliyekupa jembe. Pati ya kimataifa ndo kabisa, pale kila mtu ni mgeni na hakuna shamba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu mmoja, mengine ni matawi yake. Chagua kitu kimoja, kinachofanyika kila wiki, siku ileile, watu walewale, na ndani ya wiki sita za mwanzo omba kazi. Kazi ndogo ya kijinga. Kukunja mikeka, kuhesabu mipira, kuoka keki siku ya mashindano (huku keki ni siasa, usidharau), kukaa kwenye kibanda cha soseji kwenye sherehe ya chama, kufua jezi. Usisubiri Kijerumani kinyooke. Lugha ya kushika meza upande wa pili ni neno moja tu, na hiyo kazi ndo itakufundisha Kijerumani ambacho darasani hawafundishi. Ukiogopa kuomba mbele za watu mfuate anayepanga vitu mwishoni wakati wengine wanavaa viatu, muulize naweza kusaidia nini. Sijawahi kuona aliyekataa.

Na wewe una bahati ya mji. Göttingen ndiko lilikoanzia jembe lenyewe, jembe halisi. Mwaka 1995 kulikuwa na wanawake wakimbizi kutoka Bosnia wanakutana kwenye kituo cha ushauri, wamekaa wanasubiri vita viishe, wakaulizwa wanakosa nini zaidi, wakasema bustani zao. Basi ikatafutwa ardhi, wakaanza kulima pamoja na familia za mataifa mengine na Wajerumani, na mmoja wa watu walioijenga kazi ile ni mtaalamu wa kilimo kutoka Ethiopia, Tassew Shimeles. Wakaiita Bustani za Kimataifa, na miji mingine ya Ujerumani ikaiga, leo bustani za namna hiyo ni mamia. Angalia ilivyo: watu hawakupewa semina ya kuzoea mazingira, walipewa udongo, na mbegu zikawa ndo mazungumzo, wewe kwenu hii mnapikaje, hii inataka maji kiasi gani. Mtu wa misitu toka SUA akiingia bustani kama hiyo hataulizwa habari za Kilimanjaro, ataulizwa kwa nini majani ya nyanya yanajikunja. Nenda mwezi wa tatu wakianza kuandaa ardhi, ukienda mwezi wa 11 utakuta mti umelala na watu wamelala.

Kwa miezi hii ya giza sasa, michezo ya chuo, Hochschulsport, pale kwenu ni mikubwa kweli na kwa mwanafunzi ni bei ndogo, lakini chagua kozi yenye timu au mwenzako wa kucheza naye. Gym ya kuvaa spika masikioni haikusaidii hapa, utakuwa na misuli na upweke. Badminton, voliboli, kwaya ya chuo, ngoma, kukwea ukuta, vyote sawa. Tuseme badminton saa moja na nusu na mkakaa saa moja nyingine mnakunywa kitu, hiyo ni saa mbili na nusu kwa wiki, wiki 36 mmeshafika zile saa 90. Ukitaka chama cha mjini badala ya cha chuo, shika neno Probetraining, ni kuja kujaribu kabla hujalipa, na uliza bei ya wanafunzi, karibu kila chama wanayo. Mi binafsi nakushauri cha mjini zaidi, maana wanafunzi kila muhula wanaondoka, mjini unakuta na wamama wa miaka 50 na hao ndo watakaokuletea supu ukiumwa. Ila ukijiunga na wakimbiaji waambie mapema kabisa wewe sio Kipchoge.

Sasa ugali. Usije ukanielewa vibaya ukaacha. Kuna watu watakwambia achana na Watanzania wenzako ili uzoee nchi, ni ushauri wa ovyo. Stephen Bochner na wenzake mwaka 1977 waliwaangalia wanafunzi wageni wakaona wana mitandao mitatu na kila mmoja una kazi yake: wa kwenu ni wa kukukumbusha wewe ni nani, wenyeji ni wa kukusaidia mambo ya shule na ya maisha ya pale, na wageni wenzio wa nchi nyingine ndo mara nyingi wa kustarehe nao. Ukikata mmoja miwili haiwezi kuziba. Unaumia Jumapili baada ya ugali kwa sababu umeonja kisha umekaa wiki nne na njaa, ndo maana, hakuna ubaya hapo. Punguzeni ukubwa, ongezeni mara. Badala ya sherehe ya watu 15 mwisho wa mwezi, wawili watatu kila Alhamisi, zamu ya kupika ikizunguka, hata kama ni wali na maharage. Na zamu iwe zamu, aliyepangiwa asipopika aulizwe. Hujasema dini yako, ila kama ni mtu wa kanisa au msikiti, pale nako kuna majembe tele. Vyuoni kuna jumuiya za wanafunzi za Kilutheri na za Kikatoliki, ESG na KHG, na hawakuulizi cheti cha ubatizo mlangoni. Na kwa mkoa wenu kuna STUBE Niedersachsen, wanaandaa semina za wikiendi kwa wanafunzi wa kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, utakutana na Wakongo na Wakenya wa Hannover na wa Osnabrück, na Kiswahili utaongea mpaka koo likauke.

Kitu nisichotaka kukificha. Kuna sehemu utaingia na hutatakiwa. Mtu atakushika nywele, mwingine atatoa utani wa nyani, na wote watakaa kimya wakiangalia viatu. Hapo hakuna cha kuomba jembe. Ondoka, iandike tarehe na maneno, chuo kina watu wa kushughulikia ubaguzi wapelekee, kisha jaribu chama kingine. Nasema hivi kwa sababu ushauri mwingi wa kujichanganya unamrushia mgeni mzigo wote kana kwamba mlango uko wazi siku zote. Hata sayansi yenyewe inasema hivyo. Gregory Walton na Geoffrey Cohen mwaka 2011 Marekani walichukua wanafunzi wapya, wakawapa kama saa moja tu ya kusoma simulizi za waliowatangulia, kwamba kila mtu mwanzoni alijiona hana pake na ikapita, na wanafunzi weusi waliosoma zile simulizi alama zao zikapanda na kuendelea hivyo miaka mitatu. Watu wakashangilia. Ikaja kurudiwa kwa ukubwa, matokeo yakatoka 2023, vyuo 22 na wanafunzi zaidi ya elfu 26, ikasaidia, ila pale ambapo chuo chenyewe kweli kilikuwa na nafasi ya mtu kama yule kukaa akawa wa pale. Simulizi peke yake haifungui mlango uliopigwa kufuli.

Huo utafiti wa 2011 ndo mpe baba. Usibishane naye kuhusu kucheza, wazee wetu ukiwaambia stress wanasema sisi tulitembea kilomita kumi. Mwambie wamepima, wanafunzi weusi waliosaidiwa kujiona wana pao chuoni alama zao zilipanda, na chama kinakula saa tatu kwa wiki. Pesa pia mwambie ukweli. Najua kuna presha ya kutuma nyumbani na najua sheria tangu mwezi wa 3 mwaka 2024 inakuruhusu siku 140 nzima za kazi kwa mwaka au nusu siku 280, na wengi wanazichukua zote kwenye maghala, tena usiku wa Jumamosi maana ndo kuna nyongeza. Fanya kazi, ila siku ya chama usiiuze. Ukiiuza mara mbili ya tatu hawakupigii tena.

Na hili la kulia. Ukilia Jumapili jioni kisha Jumatatu ukaamka ukaenda, ni upweke, yote niliyosema yanauhusu. Lakini ikifika wiki mbili mfululizo huli, hulali au unalala mchana kutwa, hata ugali haukupi hamu, au mawazo ya kutokuwepo yanakupitia, hapo usiende badminton kwanza, nenda kwa daktari wa kawaida na kwenye ushauri wa kisaikolojia wa Studierendenwerk, lile shirika la huduma za wanafunzi, ni kwa ajili ya wanafunzi kama wewe na unayoyasema pale hayaendi kwa profesa wala ubalozini. Usiku wa manane kuna simu ya bure, 0800 111 0 111. Sikwambii hivi kukutisha, nawaambia wote.

La kurudi nyumbani ukimaliza, hilo usiliamue mwezi wa 11. Nani anaamua ndoa akiwa na malaria? Ngoja bustani ilimwe kwanza, ndo ujiulize tena.

Muhula unaanza mwezi wa 10, kozi nzuri za michezo ya chuo zinajaa haraka ajabu siku zinapofunguliwa, kwa hiyo kama umeshachelewa usinune, nenda chama cha mjini wiki hii hii, hao hawafuati muhula. Halafu niandikie ulipewa kazi gani na ilikuwa wiki ya ngapi. Kama ni keki, iliki weka kidogo tu mara ya kwanza, wakishakuzoea ndo uongeze.